Gemu Tuliyoipaka Mafuta ya Upako

Mwanaume aliyemvizia mwanangu hakuja na bodaboda wala chipsi kuku.

Alikuja na safina ya Nuhu.

Jamani mniwie radhi nikikosea kuandika, elimu yangu ni ya darasa la saba. Ila wazazi wenzangu someni mpaka mwisho. Hasa nyie mnaojiona mmelea watoto katika Bwana, kama nilivyokuwa najiona mimi.

Tunaishi Kibiti. Mume wangu ni bwana shamba, kazi ndiyo ilitutoa Tukuyu ikatuleta huku, na wakulima wake wengi wako upande wa Ruaruke. Kanisani ni mzee wa kanisa. Nyumbani pia ni mzee wa kanisa. Hata akilala ni mzee wa kanisa, maana anavyokoroma utadhani anakemea pepo.

Mtoto tunaye mmoja, Ahadi, miaka kumi na tatu. Wakati huo alikuwa ameshafanya mtihani wa la saba, yupo tu nyumbani anasubiri matokeo.

Basi akimaliza kuosha vyombo, huyo, kwa jirani yetu Johari, kucheza gemu za kwenye TV na watoto wa pale.

Siku baba yake aliyomkuta kashika pedi ya gemu, anapiga watu risasi huku anacheka, nyumba haikukalika.

"Damu! Mwanangu anachekelea damu!"

"Baba, siyo watu wa kweli."

"Dhambi ndiyo ya kweli!"

Halafu akanigeukia mimi, kidole juu.

"Mama Ahadi, sikia. Siku nitakayosikia michezo hii imemletea huyu mwanaume, fomu wani ataisikia redioni. Anarudi Tukuyu kwa bibi yake akachume chai."

Mume wangu akisema, anafanya. Na mimi mwenyewe niliishia la saba kwa kuchumishwa chai hiyo hiyo. Niliapa mwanangu hatashika lile tenga.

Nikakimbilia kwa Johari.

"Shoga," akaniambia, "kumkataza mtoto wa siku hizi gemu ni sawa na kumkataza kuku asichakure. Mtafutieni gemu ya dini yenu, yaishe."

Mume wangu akakubali. Kwa sharti moja: anakagua mwenyewe.

Jumapili baada ya ibada akaja Ismaily, mdogo wake Johari, fundi simu, na simu yangu kaijaza gemu kumi na mbili. Mume wangu kakaa na miwani, Biblia na kalamu nyekundu. Johari naye akajiletea kigoda. Alisema hawezi kukosa.

Ya mpira. "Hapana. Akifunga anavua shati."

Ya magari. "Huyu kapita taa nyekundu! Tumeambiwa tutii mamlaka."

Ya ludo. "Dadu! Mavazi ya Bwana yaligawanywa kwa kura hivi hivi."

Ikafunguka ya nyoka, ile ya kizamani kabisa, nyoka anakula vidoti anarefuka.

Mume wangu akasimama.

"Yaani mtoto wangu amlishe nyoka? Ili akue?"

"Mzee, ni kamstari tu haka," Ismaily akasema.

"Mwanzo sura ya tatu ilianza na kamstari!"

Nikatia imani kwenye ya kilimo. Kuna ng'ombe, kuna bustani, bwana shamba ataikataaje? Akaitazama. Akapanda mahindi. Mahindi yakaiva hapo hapo.

"Dakika mbili?" Akavua miwani. "Mahindi? Bila mbolea? Na nafasi kati ya mashimo hakuna? Huu ni uongo, na baba wa uongo mnamjua."

Johari alikuwa kajifunika uso kwa mtandio, mabega yanacheza.

"Shemeji, samahani nikuulize. Huko kwenu kucheka kunaruhusiwa, au mpaka kibali?"

"Dada Johari, hili si jambo la mzaha."

"Naliona, shemeji. Naliona kabisa."

Ya kumi na mbili ndiyo ikawa yenyewe. Unajenga safina. Nuhu ana ndevu nyeupe, wanyama wanaingia wawili wawili, ukikosea mvua inanyesha.

Mume wangu machozi yakamlenga.

"Hii."

Ismaily akajikuna kichwa. "Ila mzee, hii ina ubao wa kuandikiana. Wachezaji wanaongea humo, na hujui nani ni nani. Ile ya nyoka haina hata mtandao."

"Kijana, wanaojenga safina ni wana wa Mungu. Waache waongee."

Akaleta mafuta ya upako akaipaka simu yangu, mbele na nyuma. Mengine yakaingia kwenye tundu la chaji. Ismaily akafumba macho, na sidhani alikuwa anaomba.

Miezi miwili nyumba ikatulia. Ahadi haendi tena kwa watu. Anajenga safina yake, anaimba, anatabasamu na simu. Mume wangu akasimama kanisani akatoa ushuhuda, na familia tatu zikaweka gemu ile siku hiyo hiyo.

Mimi? Nilikuwa nadunda. Nilijiona mama wa mfano wilaya nzima.

Alhamisi moja Ahadi kaenda kununua nazi, mimi nikachukua simu nimpigie mtu wa Nyamisati anayetuuzia kamba wa baharini. Ikaingia meseji ya kwenye gemu. Mtu anaitwa Gideoni.

"Jumamosi saa nne asubuhi, nyuma ya ghala la korosho. Njoo peke yako. Mama asijue."

Nilikaa chini. Kwenye sakafu, siyo kwenye kiti.

Mama asijue!

Ningemwambia baba yake? Ningekuwa nimemkatia mtoto tiketi ya Tukuyu kwa mkono wangu. Ningemuuliza Ahadi? Niliogopa jibu. Mguu mosi mguu pili, kwa Johari.

Johari alisoma, kicheko kikamkauka.

"Fataki huyu, mtu mzima anayenyemelea watoto wa shule."

"Nifanyeje, shoga?"

"Mjibu kama mtoto. Mwambie utakuja. Akija atatukuta sie."

Nikaandika: Nitakuja.

Kisha simu nikaifukia kwenye debe la mchele. Ahadi aliporudi nikamwambia imegoma kuchaji.

Jumamosi mume wangu akaaga mapema, eti Ruaruke kuna wakulima wanaanika korosho vibaya. Nikashukuru Mungu kwa hizo korosho. Ahadi nikamwacha kwa Johari anafua na watoto.

Saa nne kasoro tupo ghalani. Mimi nimekaa juu ya gunia, mgongo barabarani, nimejitanda khanga ya Ahadi kichwani. Ndani ya khanga nimeshika mwiko wa ugali, ule mkubwa wa shughuli. Johari kajibanza nyuma ya lori na ndoo ya maji aliyooshea kamba jana yake. Jana, siyo leo.

Nikasikia hatua. Nikaibia jicho.

Mwanaume. Koti refu, joto lote lile. Kichwani helmeti ya pikipiki, kioo chini, uso hauonekani. Jizi la watoto limejipanga!

Akaja mpaka nyuma yangu. Akakohoa.

Nikageuka na mwiko.

Wa kwanza ulitua kwenye helmeti ukalia kama kengele ya shule. Wa pili begani. Johari akatoka nyuma ya lori, "Fataki weee! Fataki wa watoto wa shule!" na ndoo yote ikaingia shingoni.

Wapakizi wa korosho wakaacha magunia. Mnajua watu wetu wakisikia neno hilo. Mmoja kashaokota kipande cha ubao, mwingine anauliza petroli iko wapi.

Ndani ya helmeti sauti ikalia:

"Mama Ahadi! Mama Ahadi, ni mimi! Katika jina la Yesu, ni mimi!"

Mwiko ukanianguka.

Ile sauti nimelala nayo miaka kumi na tano.

Kioo kikapanda. Mzee wa kanisa. Bwana shamba. Kamba mmoja kaning'inia kwenye kola ya koti.

Mwenye ubao kashaunyanyua. Nikaruka mbele yake.

"Muacheni! Ni mume wangu!"

Kisha mpakizi mmoja akauliza, kwa upole kabisa, "Sasa mama, huyo anayemtaka mtoto wa shule, na mumeo, ni mtu mmoja?"

Aibu ile siijui jina lake mpaka leo.

Tukafika nyumbani, yeye mbele, harufu katikati, mimi nyuma. Johari kabaki kwake na watoto. Nilidhani mume wangu ataomba radhi. Wapi!

Alikaa kwenye kiti chake, kalowa vile vile, akasema:

"Nilikuwa namjaribu. Niliingia kwenye ile gemu kwa jina la Gideoni nione kama mtoto wangu ni mwaminifu. Ameanguka. Nimemwita, ameandika 'nitakuja'. Jumatatu anapanda basi la Tukuyu."

Kumbe wakulima wa Ruaruke miezi miwili walikuwa wanamsubiri, mwenzao yuko chini ya mkorosho anajenga safina!

"Aliyeandika 'nitakuja' ni mimi," nikasema.

"Wewe?"

"Mimi. Ahadi hata hiyo meseji hajaiona."

Nikatoa simu kwenye mchele. Alhamisi nilisoma mstari mmoja tu, hofu haikuniacha nisome wa juu yake. Sasa nikapandisha, nikamsomea kwa sauti, nikisoma polepole kama nisomavyo mimi.

Alishamwita mara mbili kabla.

Mara ya kwanza mtoto kajibu: "Hapana kaka Gideoni. Sitoki bila kumwambia mama."

Mara ya pili: "Nimeshasema hapana. Ukirudia natoka kwenye kambi yako ya safina."

Shetani alimjaribu Yesu mara tatu, akajibiwa, akaenda zake. Mume wangu yeye kajibiwa mara mbili akaona haitoshi, akaongeza na "mama asijue". Mtoto kashinda mtihani wa baba yake, aliyefeli ni msimamizi.

"Endelea kusoma," akasema. Sauti imeshuka. Nadhani alijua kilichopo juu, alitaka tu kikome kuwa siri yake.

Nikapandisha zaidi.

"Umeshindaje leo, mdogo wangu?"

"Vibaya. Baba kanisema mbele ya kwaya yote."

"Pole sana. Pengine baba yako anakupenda, hajui tu kusema."

"Sijui. Mbona wewe unajua?"

Siku nyingine kamfundisha hesabu za sehemu. Siku nyingine kamuuliza anataka kuwa nani. Nesi wa meli, mtoto kajibu, awe anazunguka visiwa vya delta ya mto wetu kuchanja watoto. Mimi mama yake sikuwahi kulisikia hilo. Ukurasa kwa ukurasa, mtoto anamwaga moyo kwa mtu asiyemjua, na mtu yule anajibu vizuri, kwa upole, mpaka nikamtazama mume wangu nikajiuliza huyu mwanaume alikuwa wapi siku zote.

Sikumwona Ahadi alivyoingia. Yupo mlangoni, mikono ina povu la sabuni.

"Kwa hiyo Gideoni hayupo?"

Akaitazama simu mkononi mwangu, kisha koti la baba yake lililolowa.

"Ni wewe, baba?"

Akatikisa kichwa, ndiyo.

Nilijua atalia. Hakulia. Alimtazama baba yake kuanzia miguu mpaka kwenye miwani.

"Kumbe unajua kumuuliza mtu ameshindaje."

Akatoka, akarudi kufua.

Basi la Jumatatu liliondoka bila mtu wa kwetu. Mume wangu hakulitaja tena, na mimi nilikuwa nimejiandaa, siku ile mwiko ungefanya kazi ya pili. Matokeo yakatoka, Ahadi kachaguliwa, baba yake mwenyewe kampeleka kununua sare.

Wazazi wenzangu, nawaambia kwa kuogopa kabisa. Tulikagua shati la mchezaji, tukakagua nyoka, tukapima mpaka nafasi za mahindi. Mlango wa watu tukauacha wazi kwa sababu umechorwa Nuhu. Safari hii aliyepita alikuwa baba yake. Kwenye zile familia tatu za kanisani sijui nani kapita, nimewafuata nyumba kwa nyumba nikawaambia wauzime ule ubao wa kuandikiana, wawili wamenisikia, mmoja ameniambia nina roho ya hofu. Ninayo, ndiyo. Wewe soma simu ya mwanao kuanzia juu. Na mtoto akianza kumwambia mtu baki yale asiyokwambia wewe, usiishie kumtafuta huyo mtu, jitafute na wewe. Mimi nilimficha baba yake ile meseji, na mtoto sikumuuliza, kwa hiyo sijitoi lawamani.

Siku hizi mume wangu anajitahidi. Kila jioni akirudi anamuuliza kwa mdomo wake mwenyewe, "Ahadi, umeshindaje?" Anauliza kama trafiki anavyoomba leseni, lakini anauliza.

"Salama," Ahadi anajibu.

Basi. Neno moja, na kichwa kwenye daftari.

Baba yake husimama pale kidogo, kofia mkononi, kama mtu anayesubiri meseji iingie.