Sindano Ilipokoma Itumbe

Nilitumwa Kisii na Nyamira kuwauliza wanawake wanajisikiaje baada ya dawa yao kukatwa. Ofisini kazi hiyo iliitwa mahojiano ya kufunga utafiti. Wanawake wale, ambao waume zao wanaishi na virusi vya UKIMWI, walikuwa wakidungwa kila baada ya miezi miwili sindano ya kuwakinga wasiambukizwe. Watafiti walitaka kujua kama kinga ya aina hiyo inawafaa watu wa mashambani. Kisha mfadhili wa ng'ambo akaondoa mkono wake, mradi ukafungwa ghafla, wauguzi wakarudishwa makwao. Ikabaki sura moja ya ripoti haijaandikwa, sura ya maoni ya washiriki. Mimi, mtu wa Wundanyi niliyesomea elimu ya jamii na kuishi kwa vibarua vya utafiti, nikaajiriwa kwenda kuyakusanya maoni hayo miezi kadhaa baada ya sindano ya mwisho.

Tulitoka Nairobi asubuhi na mapema kwa gari la mradi. Nembo iliyokuwa mlangoni ilikuwa imebanduliwa, pakabaki doa la gundi lililoshika vumbi. Dereva wangu, mzee Onsongo, ni mwenyeji wa Keroka, na ndiye aliyekuwa akiwapeleka wauguzi na dawa zao vijijini. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Tulipopita Narok ndipo aliponieleza kwamba wanawake walikuwa wakilijua gari lile kwa mlio wake, wakitoka mashambani kabla halijasimama. Baada ya Sotik vilima vilianza kukaribiana, chai ikashuka hadi kando ya lami, na mvua ikatukuta njiani. Mzee Onsongo akasema kwamba tukifika angependa kuniacha mbali kidogo na nyumba za watu, nimalizie kwa miguu. Sikumuuliza sababu.

Mjini Kisii nilifikia kwa Mama Rashid. Ni mama wa Kiislamu anayeuza vitambaa karibu na soko, baba yake akiwa mtu wa Pwani aliyehamia huko na mama yake Mkisii, naye anaongea Kiswahili cha pande zote mbili. Alikuwa katika kamati ya wenyeji iliyoundwa na mradi ili kuwaeleza watu maana ya utafiti. Ndiye aliyezunguka makanisani, msikitini na kwenye vikundi vya akina mama, akiwaambia waje bila hofu. Alinipakulia chapati na maharagwe, akasubiri nile nishibe, ndipo akaanza. Alisema habari za kufungwa kwa mradi alizipata kutoka kwa mteja aliyekuja kununua leso. Hakuna mtu wa ofisini aliyempigia simu.

"Mwanangu," akasema, "wale wanawake hawawajui wazungu wenu wala madaktari wenu. Wananijua mimi. Mimi ndiye niliyewaambia waje. Sasa nikipita sokoni wanageuza uso, na nyinyi mnanitumia msichana mwenye kinasa sauti."

Nilimwomba radhi kwa niaba ya ofisi. Akanitazama, akanijazia kikombe tena, akasema radhi ya mtu asiyehusika haimsaidii yeyote.

Magwagwa, upande wa Nyamira, ndiko nilikoanzia kazi. Tulipewa chumba nyuma ya kanisa. Wanawake waliingia mmoja mmoja, wakajibu maswali yangu kwa adabu kama watu wanaojibu mgeni wa serikali. Walikuwa wameelekezwa wakachukue vidonge vya kinga kwenye zahanati, na wengine walikuwa wakivimeza. Lakini Moraa, mchuuzi wa ndizi, alinieleza yaliyompata. Mama mkwe alivikuta vidonge ndani ya mkoba wake, akaamini ni dawa za mgonjwa, na kabla ya Jumapili watu wote wa boma wakawa wanasema Moraa ndiye aliyemletea mwanawe ugonjwa. Moraa akavitupa chooni. Sindano, alisema, ilikuwa haionekani na mtu. Nikamuuliza swali lililofuata kama nilivyofundishwa: kwa kiwango cha moja hadi tano, aliridhika kiasi gani na namna utafiti ulivyofungwa? Moraa akacheka kidogo, akasema niandike namba ninayoipenda.

Siku iliyofuata tulikwenda Itumbe, kwenye majani chai. Nyumba ya Kwamboka iko chini ya kiwanda, mteremkoni, na njia yake ilikuwa utelezi mtupu. Jina hilo si lake la kweli. Ni mwanamke wa umri wa kunizidi kidogo, mchuma chai, na alikuwa na mimba iliyoanza kuonekana. Alinikaribisha kwa heshima, akanipa kiti chenye kitambaa, yeye akaketi kwenye stuli. Nilisoma maelezo ya ridhaa, akaitikia. Nikawasha kinasa sauti na kuuliza swali la kwanza.

"Zima hiyo kitu," akasema.

Nikazima.

"Mlinifundisha vizuri. Mlisema hii sindano itanilinda nikitafuta mtoto. Nikakubali. Sasa mtoto iko, sindano haiko."

Akanieleza mambo yake taratibu, akiangalia mlangoni. Yeye na mumewe, dereva wa lori la chai, walikuwa wamepanga kila kitu. Mume alikuwa akimeza dawa zake bila kukosa, virusi vikashuka hata visionekane kwenye vipimo, na mke ana sindano. Walitaka mtoto mmoja tu baada ya miaka mingi ya kuogopa. Lakini mume naye alikuwa akichukulia dawa kwenye kliniki ya mradi uleule, faraghani. Ilipofungwa alielekezwa hospitali nyingine, ambako foleni ya dawa inapita mbele ya watu wote, wakiwemo wafanyakazi wenzake. Akaenda mara ya kwanza. Halafu akawa anasema atakwenda kesho. Kwamboka alikuja kugundua wakati chupa ilikuwa tupu siku nyingi. Yeye mwenyewe aliambiwa kuhusu vidonge, lakini safari ya kuvifuata ilimtaka apoteze siku nzima ya kuchuma, na kila alipopanga kwenda palitokea jambo. Majuma machache nyuma alikuwa ameshikwa na homa, vidonda kooni, vipele. Hakupima malaria, kwa sababu alijua si malaria. Kliniki ya wajawazito alikuwa bado hajakanyaga.

"Nataka kujua tu kama niko mgonjwa," akasema. "Lakini peke yangu siwezi. Miguu inakataa."

Kanuni za kazi yangu ni wazi. Anayehoji hatibu, hashauri, haambatani na mshiriki. Anampa karatasi ya rufaa na kuendelea na ratiba. Mchana ule nilikuwa na wanawake wengine wa kuwahoji. Nilimwambia Kwamboka achukue shali yake, nikapiga simu kwa mzee Onsongo. Safari hii hakusimama mbali. Alilishusha gari mteremkoni kwenye utelezi ule mpaka mlangoni, akashuka, akamfungulia mlango, akamwamkia kwa Ekegusii, lugha ya kwao. Kwamboka akamtambua. Alimtazama, kisha akaingia.

Tulifika hospitali ya Kenyenya jua likiwa kali baada ya mvua. Muuguzi aliyetupokea alikuwa mwanamke mpole asiye na haraka. Aliniruhusu niingie kwa sababu Kwamboka alikuwa amenishika kiganja na hakukiachia. Kipimo cha kwanza kilionyesha mistari miwili. Akarudia kwa kipimo cha aina nyingine, nacho kikasema vilevile. Muuguzi alieleza pole pole: ana virusi, dawa ataanza leo leo, akimeza vizuri na mtoto akipewa dawa yake akizaliwa, mtoto anaweza kabisa kutoka salama. Kwamboka hakulia. Aliuliza kama kuchuma chai kutamdhuru mtoto. Aliuliza kama amwambie mume kwanza au dada yake. Alipomeza kidonge cha kwanza, pale pale mbele yetu, alifumba macho na midomo yake ikasema jina la Nyasae, Mungu kwa lugha yao.

Nje, tukingoja gari, ndipo aliponigeukia.

"Huko kwenu Nairobi, hii mtaiandika?"

Nikamwambia ndiyo, nitaiandika.

"Iandikeni. Jina langu wacheni, lakini hiyo iandikeni."

Nilirudi kwa Mama Rashid jioni na kumwambia, bila kutaja jina, kwamba mmoja ameambukizwa. Alikuwa akikunja vitambaa. Aliendelea kukunja mpaka akamaliza rundo zima, kisha akaingia ndani kuswali, na usiku huo hatukula pamoja. Asubuhi yake tuliondoka. Mzee Onsongo aliniambia tukiwa karibu na Bomet kwamba akifika atarudisha ufunguo wa gari, atafute kazi ya kubeba mawe au mchanga, vitu visivyomngoja mtu. Alifanya hivyo kweli.

Nairobi niliandika kila kitu na kumpelekea mtafiti mkuu. Aliniita. Hakuwa mtu mbaya, na nadhani usiku wake haukuwa mzuri, maana macho yalikuwa mekundu. Alinieleza kwamba Kwamboka aliambukizwa baada ya tarehe ya kufungwa kwa utafiti, kwa hiyo hakuwa mshiriki tena, na yaliyompata hayamo katika takwimu. Nilimuuliza je, nani aliichagua tarehe hiyo? Akasema si yeye. Nikamwomba basi yaingie kwenye sura ya maoni. Akasema sikuwa nimemrekodi, na kumbukumbu ya kichwani si data. Nilipoipeleka habari kwa kamati ya maadili, nilijibiwa kwamba kibali cha utafiti ule kimekwisha muda wake.

Ripoti ikatoka. Inasema hakuna mshiriki hata mmoja aliyeambukizwa katika kipindi cha utafiti. Sentensi hiyo nimeisoma mara nyingi nikitafuta uongo ndani yake, na sijauona.

Kwamboka alijifungua mtoto wa kike. Vipimo vya mtoto mpaka sasa ni safi. Mumewe amerudia dawa, na wanakwenda Kenyenya pamoja. Aliponipigia aliuliza kama ile habari imeandikwa, nikamweleza ukweli. Akasema basi niiandike mimi. Ndiyo hii.

Safari ile ilinifundisha swali moja ambalo vyuoni hawakunifundisha. Siku hizi nikiitwa kwenye utafiti mpya, kabla sijauliza malipo wala mahali, ninauliza: mkiondoka, wale watu mtawaachia nini? Nimeshauliza mara mbili. Mara zote mbili sikuitwa tena.