Kaa la Udi

Wifi yangu simpendi, na yeye analijua hilo. Ni dada wa mume wangu, anaishi Mji wa Kale, na tangu nilipoambiwa nina ugonjwa wa sukari amenifanya mzaha wa nyumba nzima. "Mgonjwa wetu aja, ficheni halua!" Kila Idi ni hayo hayo.

Hajui ninachokiogopa. Mamangu alikatwa mguu chini ya goti kwa ugonjwa huu huu, na mimi ndiye niliyekuwa nikimwogesha. Miezi ya mwanzo hofu hiyo ilinisaidia: chai bila sukari, wali kiganja kimoja, kidole nikikitoboa kila asubuhi. Kisha ikanigeukia. Nikaanza kuiogopa ile nambari yenyewe, nikaacha kupima, nikajidanganya kwamba nisichokiona hakipo. Nilijichukia kwa hilo, lakini niliacha.

Daktari alisema sukari huua hisia za nyayo, akanikataza kutembea miguu mitupu hata ndani ya nyumba. Kwangu Ganjoni sivui ndara ila kitandani. Lakini kwa wifi viatu huachwa mlangoni, na anayeingia navyo huonekana hana adabu. Idi iliyopita nilivivua. Sikutaka kumpa neno jingine la kusema.

Tuliketi mkekani, wanawake wa ukoo, halua ikapitishwa.

"Kijipande kimoja chakufanya nini, wifi? Au wadhani ni wewe tu uliyeugua duniani?" akaniambia dada wa mume wangu.

Nikala viwili, kwa ubishi, na kusema kweli kwa uroho pia. Baada ya kahawa akaleta chetezo cha udi chenye makaa ya moto, kila mtu afukize nguo zake kabla ya kwenda. Zamu yangu ilipofika nikasimama, akakiweka karibu na miguu yangu, nami nikatandaza dera juu ya moshi. Alipokiondoa hatukuona kwamba kaa moja limedondoka. Nikabaki pale pale nikiagana na watu. Harufu ilikuwa ya udi, halafu ikawa ya nyama.

"Mkeka wangu waungua!" wifi akapiga kelele.

Mkeka ulikuwa umeungua kidogo tu. Kaa lilikuwa chini ya kisigino changu, nimelikanyaga, na sikuwa nimesikia hata joto.

Wakanikalisha, wakanimwagia maji. Mimi nikamgeukia wifi nikamtukana matusi ambayo sijawahi kumtamkia mtu. Nikamwambia atafurahi siku nitakapokatwa, ataleta sinia la halua hospitalini. Mengine hayakuwa ya haki, na mpaka leo sijamwomba radhi.

Wifi alikitazama kisigino changu. Wengine walipotoka kwenda kuita tuktuk ya kunipeleka hospitali, akaja akaketi kando yangu, akaunyoosha mguu wake wa kulia hadi mapajani mwangu.

"Nifinye," akasema, uso ameuelekeza dirishani.

Sikuhitaji kubembelezwa. Niliushika unyayo nikaufinya kwa kucha, kwa nguvu zangu zote na chuki yangu yote, mpaka ngozi ikachubuka.

"Basi nifinye," akasema, bado akitazama dirishani. "Wangoja nini?"