Barafu Inayokua

Juzi nilimwona mtu akitoboa barafu ya ziwa, nikasikia tena harufu ya sufu iliyolowa ya glavu zangu za utotoni.

Mchana mmoja nilipokuwa mdogo, Birgitta, mwalimu wa kituo chetu cha watoto, alitupeleka kwenye ziwa lililoganda karibu na mtaa wetu wa Bredäng. Alitoboa tundu, akapima unene wa barafu, akatuita. Mimi nilibaki ufukweni. Mtu anayetoboa sakafu anayosimama juu yake nilimtilia shaka.

Ghafla ziwa likanguruma.

"Usiogope," Birgitta aliniambia. "Ni barafu inakua."

Hapo nikazidi kushuku. Kinachokua lazima kinakula. Leo najua barafu hunguruma inapotanuka. Siku ile niliamini kuna mnyama chini yetu, na mwalimu anamjua.

Mara mdogo wangu Musa akalikimbilia lile tundu.

"Musa, rudi! Itakumeza!"

Hakugeuka. Nilimfuata mbio juu ya barafu, nikamkamata koti kwa mikono miwili.

"Dada, kuna samaki!" alisema.

Nilichungulia. Niliona maji meusi tu. Sikuliachia lile koti mpaka tulipofika nyumbani.