Konzi ya Nyasi Mbichi

Nanyori hakujua kukaa. Ungempa kigoda angekikalia pumzi mbili tatu, kisha angesimama kutazama kama ndama wamefungwa, kama moto umeshika, kama kuna mtu anakuja njiani. Majirani zake wa Sekei walisema ana siafu ndani ya nguo. Wenye adabu zaidi walisema ni tangu vita, tangu Wajerumani walipochoma nyumba na mumewe akatoka na mkuki asirudi tena. Mimi nadhani wote walisema kweli. Wako watu huzaliwa na siafu, halafu dunia huwaongezea wengine.

Baada ya vita alisombwa pamoja na wenzake kwenda kubeba mawe ya kujengea boma la Wajerumani. Mikono ikampanuka, viganja vikawa vigumu, na mikono hiyo ndiyo iliyompatia kazi. Wamisionari walipojenga nyumba ya dawa huko juu mlimani, walimweka tabibu wao, Yoeli, Mkristo kutoka Machame, kijana wa shati jeupe asiyependa kuchafuka. Alikuwa amefundishwa kuosha vidonda, kutoa funza, kupasua majipu na kuchanja ndui, na kazi yake aliijua. Lakini mtoto anayerusha mateke hutibiwaje? Hilo hakufundishwa. Akatafuta mtu wa kuwashika, na akampata Nanyori.

Basi mtoto analetwa mgongoni, analazwa kitandani, Nanyori anamkandamiza kifua kwa mkono mmoja na magoti kwa mkono wa pili, Yoeli anafanya haraka, kelele zinapaa hadi migombani, kazi imekwisha, mwingine aingie. "Mchelea mwana kulia hulia yeye," Yoeli alipenda kusema huku akinawa. Hakuna aliyembishia. Vidonda vilikuwa vinapona kweli, na methali nayo ni ya kweli, ingawa nimegundua wanaoipenda sana ni wale ambao si wao wanaolizwa.

Kwetu mtoto akikutana na mtu mzima njiani huinamisha kichwa, na mkubwa humgusa utosini. Ndiyo salamu yenyewe. Watoto wa Sekei walipomwona Nanyori anakuja hawakuinamisha kitu. Walitimua mbio. Alibaki ameunyoosha mkono wake mpana juu ya vumbi tupu. Akifika nyumbani alijifanya haimhusu. "Wakimbie tu, watarudi wakiota majipu," alisema, kisha akachukua ufagio akafagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Ilimuuma sana. Alikuwa mwanamke anayependa watoto, na hakuna aliyekuwa tayari kuliamini hilo.

Mmoja tu hakumkimbia: Namelok, binti wa mwanawe Lemburis, mtoto ambaye meno yake ya mbele ndiyo kwanza yalikuwa yanaota upya. Huyo alimfuata bibi yake kila mahali, na kwa kuwa bibi hakutulia, mjukuu naye alikuwa mtu wa mbio mbio. Asubuhi moja, katika mbio hizo hizo, alijikwaa kwenye mafiga na chungu cha uji kikammwagikia mkono wa kushoto, kuanzia begani hadi chini ya kiwiko.

Nanyori alimbeba mwenyewe akapanda naye mlima bila kupumzika. Yoeli akapaka mafuta, akafunga vitambaa vyeupe. Akawaambia wamrudishe siku ya tatu, kitambaa kibadilishwe, na kila siku ya tatu baada ya hapo. Kidonda cha moto kisipooshwa huoza, na mkono ukiachwa umekunjwa utapona umekunjwa hivyo hivyo.

Siku ya tatu kitambaa kilikuwa kimegandia kwenye nyama. Nanyori akamshika mjukuu wake kama alivyowashika wa wenzake, na Yoeli akavuta. Sitaieleza ile sauti. Ila muda wote mtoto hakumtazama Yoeli hata mara moja. Alimtazama bibi yake.

Kuanzia siku ile Namelok hakutaka kuguswa naye. Hakula chakula kilichotoka mkononi mwake. Bibi akiingia, yeye hutoka. Siku ya kubadilisha ilipofika tena alijificha migombani hadi jua likazama, na Nanyori alizunguka akimwita mpaka sauti ikakauka. Kesho yake mkono ulikuwa umeanza kunuka.

"Mama, mshike umpeleke," Lemburis alisema. "Si ndiyo kazi yako?"

Hakukusudia kumchoma, lakini alimchoma.

Siku hiyo Namelok hakukimbia. Alitangulia mwenyewe, ameukumbatia mkono wake mgonjwa. Mahali fulani njiani aliinama. Bibi, aliyekuwa nyuma yake, alidhani anatoa mwiba. Walipoingia chumbani mtoto alipanda kitandani akakaa, na Nanyori alipomwinulia mikono yake, Namelok akanyanyua ule mkono mzima. Kiganjani alikuwa na konzi ya nyasi mbichi.

Nyasi kwetu si takataka. Ng'ombe anaishi kwa nyasi, na sisi tunaishi kwa ng'ombe. Wanaume wawili wakipigana, mmoja akang'oa nyasi na kuzinyanyua, mwingine hushusha fimbo, hata kama ana haki, hata kama anatetemeka kwa hasira. Mwenye kumpiga mtu aliyeshika nyasi hana pa kuficha uso. Bunduki za Wajerumani ndizo hazikuzielewa nyasi, lakini mkono wa mtu wa kwetu unazielewa. Ila hakuna mtu aliyewahi kufikiri kwamba kutibiwa nako ni kupigwa. Namelok alifikiri.

Mikono ya Nanyori ikaanguka yenyewe.

"Mama Lemburis, mshike," alisema Yoeli, mkasi mkononi.

"Siwezi."

"Huwezi nini?"

"Huoni ameshika nyasi?"

"Naona. Mpokonye basi, kuna watu wanasubiri nje."

Nanyori akasimama kati ya kitanda na tabibu. "Huyu hapokonywi, baba."

"Mimi nimebatizwa. Mambo ya nyasi nimeyaacha."

"Mimi sijabatizwa," Nanyori alisema.

Nje mtu akacheka. Yoeli akakaribia, akainusa ile harufu, na sauti yake ikashuka. "Mama, nisikilize. Mkono huu umeanza kuoza. Ukikaa hivi siku mbili zaidi, tutakachozungumza ni kuukata."

Alisema kweli, na Nanyori alijua. Mkono wa mtoto uko pale, unaharibika huku wanabishana. Kuushika kwa nguvu ni kuuponya, na ni kumpoteza mtoto mwenyewe. Kila kiungo cha mwili wake kilitaka kutoka mle chumbani kikatafute la kufanya, kuni za kukata, maji ya kuchota. Akaketi chini, mbele ya kitanda.

Yoeli alibeba vifaa vyake akaenda kuwahudumia wengine barazani, akigonga vyombo kwa makusudi. Jua likasogea sakafuni. Nanyori alijikuna magoti, akafungua na kufunga shanga zake, miguu ikimwasha, na hakuinuka. Namelok alikuwa ameuegemeza mkono mzima gotini, umechoka, lakini ngumi bado iko juu na nyasi zimeanza kulegea.

Ndipo Nanyori alipotoka nje. Alirudi na nyasi zake mwenyewe, akapiga magoti, akazinyanyua mbele ya mjukuu wake. Mwanamke mzima kumwomba mtoto hivyo ni jambo ambalo hata kulisimulia naona aibu kidogo.

"Nakuomba, mwanangu. Naomba mkono wako."

Namelok akatikisa kichwa. "Wewe umeshaacha, Koko," alisema, kama tunavyowaita bibi zetu. "Anayevuta ni yule."

Nanyori akaenda mlangoni. "Yoeli. Anakutaka wewe."

Yoeli alikuja akiwa amefura. Alisema yeye ni tabibu, hana muda wa michezo. Kisha akautazama mkono, akamtazama mtoto aliyekuwa amekaa vile tangu asubuhi, akashusha pumzi. Akauinua mkono wake hadi kwenye paa lililokuwa juu ya mlango, akachomoa nyasi za kuezekea. "Haya. Nyasi hizi."

Namelok akazikagua. "Hizo zimekufa," akasema.

Nanyori alicheka. Ilimtoka tu, baada ya siku nyingi za kutocheka, na alilazimika kuziba mdomo kwa kiganja. Basi tabibu wa misheni, na shati lake jeupe, akatoka uwanjani, akainama mbele ya kinamama na wazee wote waliokuwa wakimsubiri, akang'oa nyasi. Kwa kutojua kung'oa alirudi nazo na mizizi yake na udongo wake, zikimwangukia viatuni. Akapiga magoti.

"Niseme nini?"

"Useme unachoomba," Nanyori alimwambia.

"Naomba uniruhusu nitoe kitambaa."

"Nikinyanyua utaacha?" aliuliza Namelok.

"Nitaacha."

"Hata kama kimebaki kidogo?"

Hapo Yoeli alikawia. Kusimama wakati kimebaki kidogo ndiko kulikomshinda maisha yake yote ya kazi. "Hata kama kimebaki kidogo," alisema hatimaye.

"Itauma?"

Zamani angesema haiumi. "Itauma," alijibu.

Namelok akazishusha nyasi mapajani.

Nanyori hakumshika. Alipanda kitandani akakaa nyuma yake, mtoto akamwegemea kifuani. Yoeli akamimina maji ya vuguvugu, akavuta taratibu. Nyasi zikapanda. Akasimama, vidole hewani, akiuma meno, na alipokuwa anasubiri maji yakazidi kuingia kitambaani. Zikashuka. Akaendelea. Zikapanda tena, akasimama tena. Kisha mtoto akaanza kulia, kilio kikubwa cha kuita mama yake, na Yoeli akarudisha mikono.

"Analia."

"Nyasi ziko chini," alisema Nanyori, machozi yakimtoka na yeye. "Endelea."

Kitambaa kilitoka chote. Ilichukua muda wa kutibu watu kumi, na Yoeli hakuacha kuwataja hao watu kumi kwa siku nyingi.

Mkono haukukatwa. Ulipona una makovu, na kiwiko kilinyooka, si sawasawa na mwenzake, lakini mkono ulitosha kukumbatia shina la mgomba na kubeba kibuyu. Habari zikateremka mlima kabla ya wenyewe, maana uwanjani siku ile palikuwa na midomo mingi. Watoto wakaanza kuja wameshika nyasi. Wapo waliozinyanyua kabla hata ya kuguswa, wapo waliowachosha Yoeli na Nanyori, na siku za mvua Yoeli alilalamika kwamba nyumba ya dawa imegeuzwa zizi. Lakini zikipanda, aliacha.

Siku moja wakati wa mavuno Nanyori alikuwa anashuka Sekei na mzigo wa ndizi kichwani, kwa ile haraka yake isiyo na sababu. Kwenye kona akakutana na kitoto ambacho alikuwa amekishika kwa nguvu mwaka uliopita, kwa ajili ya jipu. Kilishtuka, kikageuka kutaka kukimbia. Halafu kikachuchumaa, kikang'oa nyasi za ukingoni, kikazinyanyua kwa mikono miwili.

Nanyori akasimama. Mzigo ulikuwa mzito, shingo ilimuuma, jua lilikuwa kali, na mtoto hakuonyesha dalili ya kuchoka; alitaka kuona kama kweli atangoja. Nanyori alisimama pale pale, yeye aliyekuwa hajui kutulia, mpaka zile nyasi ziliposhushwa.

Ndipo mtoto akamsogelea, akainamisha kichwa, akangoja kuguswa.