Doti ya Kuazima

Watu husema mtani hakasirikiwi. Mimi nimekasirika tangu miaka ile Waingereza walipofyeka misitu yetu walime karanga, na sitaki mtu aniambie nipoe.

Nilikuwa Nachingwea, nikikokota visiki nyuma ya matingatinga. Kila siku uliyofanya kazi ilitiwa alama kwenye kipande, kadi yako, na mshahara ulitoka kipande kikijaa siku thelathini. Changu kilibakiza tatu. Nyumbani, upande wa Nanganga, binti yangu alikuwa ndani, anachezwa unyago. Siku ya kutoka, mwali huvikwa doti mpya ya kanga aliyonunua baba yake. Baba asiyeileta, afadhali asije.

Ndipo kambi ikagoma kwa sababu ya unga wa posho uliojaa wadudu. Niligoma nami, na sijuti. Ila hatukuaminiana. Tulihofu wengine wangerudi kazini kwa kificho, basi tukakusanya vipande vyote katika gunia moja tukampa mpishi wa kambi alinde. Mimi ndiye niliyemtaja. Alikuwa mtani wangu, tena jirani yetu wa nyumbani. Mtani ndiye anayekuzika ukifa, nani angemshuku?

Siku ya nne akalipeleka gunia kwa bwana mkubwa. Vipande vikachomwa jikoni, kwenye moto uleule uliopika unga wenye wadudu. Huna kipande, hukufanya kazi hata siku moja. Jasho langu lote likachemsha chai ya bwana, na mpishi akapewa unyapara. Nilipomkunja shati alicheka: "Ah, mtani, siku hizi hutaniwi?" Na wenzangu, wajinga wale, walioporwa kama mimi, ndio walionitoa mikono. "Mwache, bwana, mtani wako huyo."

Nilirudi kwetu kwa miguu, mikono mitupu. Mke wangu hakunigombeza. Alikwenda kuazima doti kwa mke wa yule nyapara, maana mwaka ule kanga mpya zilikuwa kwake tu.

Mwali wetu akatoka, kapendeza, ngoma zinalia, watu wanamtunza. Hajamaliza kuwaamkia wakubwa, mke wa mtani akakata katikati ya uwanja, akashika pindo la kanga.

"Lete nguo yangu, mwali. Baba yako kagomea unga, mbona kuazima hakugomea?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko, kwa kuwa mtani ana haki ya kukuvua hata kofia. Akazivuta kanga zote mbili, akazikunja, akaziweka kwapani. Mwanangu akabaki na kaniki kuukuu ya mama yake, mikono kifuani. Hakumtazama yule mwanamke. Alinitazama mimi, akingoja baba yake aseme neno.

Nami nilicheka pamoja nao, kwa sauti.