Kadi Ndani ya Bitana

Mama Pindo, fundi cherehani kwa miaka thelathini, hakupiga kura uchaguzi uliopita. Kadi yake ilidondoka mezani usiku wa kuamkia siku hiyo, ikachanganyika na vipande vya vitambaa, ikaenda jalalani. Alifika kituoni mikono mitupu, akarudishwa. Mwaka huu alipata kadi mpya, akaapa haitapotea: aliishona ndani ya bitana ya koti la kijivu la marehemu mumewe, linaloning'inia nyuma ya mlango wa chumba cha kazi.

Asubuhi ya uchaguzi alilifumua koti mshono kwa mshono. Hakukuta kitu.

"Mama, si ungeiweka kwenye pochi kama watu?" binti yake akauliza.

"Pochi huibwa. Koti la marehemu nani ataiba?"

Akalitazama tena. Bitana ilikuwa ya zamani, imechakaa kwapani. Wiki ile aliposhona kadi, alikuwa amebadilisha bitana ya koti jingine la kijivu, la jirani yao, mwalimu mstaafu. Makoti yote mawili aliyakata yeye mwenyewe, miaka kumi na miwili iliyopita, kutoka jora lilelile la kitambaa, na siku ile ya kuficha kadi aliyachanganya. Basi kadi ilikuwa kwa Mwalimu, na Mwalimu hakuna siku muhimu anayotoka nyumbani bila koti.

Alikamata mkasi, akatoka mbio kwenda kituo cha kura.

Askari wa getini akauzuia mkasi. "Silaha hiyo, mama. Utaichukua ukitoka."

"Silaha gani? Huo ni mkono wangu wa tatu!"

Aliuacha. Foleni ilizunguka uwanja mzima wa shule, na Mwalimu alikuwa mtu wa nne kutoka mlangoni, amefunga vifungo vyote.

"Mwalimu! Vua koti!"

Watu wakageuka. "Jamani, mambo ya nyumbani yaishie nyumbani!" akasema mmoja, na kicheko kikapita foleni nzima.

"Fundi, leo?" Mwalimu aliuliza, akishika kola kwa mikono miwili.

"Kura yangu umeivaa, Mwalimu."

Alipoeleza, Mwalimu alivua koti polepole na kutoka mstarini. "Toka tu, mzee," akasema aliyekuwa nyuma yake. "Nafasi yako tunaijua."

Mama Pindo alichomoa pini kifuani mwake, akapiga magoti kwenye majani. Kadi ilionekana wazi chini ya kitambaa, pembe zake nne zikiwa zimejichora, lakini nyuzi hazikukubali. Alikuwa ameshona kwa kurudia, mara mbili, ili isitoke.

"Ulishona gunia la simenti?" mtu akamuuliza.

"Niache. Leo ndiyo mara ya kwanza kuuchukia mshono wangu."

Uzi wa mwisho aliukata kwa meno. Kadi ikateleza kiganjani, picha yake ikimtazama kwa uso uleule wa mtu aliyekatazwa kucheka.

"Miezi miwili nimekutunzia kura," Mwalimu alisema akivaa koti lenye tundu. "Angalau mpe mgombea wangu."

"Koti ni lako, Mwalimu. Kura ni yangu."

Alikwenda mkiani. Alisimama kwa saa tatu na nusu, jua likampata utosini, akakataa kiti alicholetewa. Alisema akikaa atasinzia, na akisinzia ataiangusha kadi. Karani alipolisoma jina lake kwenye orodha, aliitikia kwa sauti kama mwanafunzi.

Alasiri Mwalimu alikaa katika chumba cha kazi cha fundi akiwa na shati tu, akingoja koti lake.

"Kidole hicho kisiniguse bitana," alisema. Wino ulikuwa bado unang'aa.

Mama Pindo alishona akiwa amekiinua kidole hicho juu ya wenzake. Mshono ulikwenda taratibu kuliko kawaida yake, na hakuwa na haraka.

"Na kadi sasa utaiweka wapi?" binti akauliza.

"Uchaguzi ujao ni wako pia," alisema, akimpa kadi. "Nunua pochi nzuri, tutie kadi zote mbili, yangu na yako."