Colette Akataa Kufungwa kwa Kosa la Mdogo Wake

Askari wawili walipoingia nyumbani kwa Colette Nabintu, mtaani Kasha, Bukavu, ilikuwa Jumanne saa tatu ya asubuhi, naye alikuwa kwenye cherehani akimalizia sare za shule. Hawakumtafuta yeye. Walimtaka Gentil, mdogo wake, mwendesha pikipiki aliyekuwa akilala chumba cha nyuma. Kitanda chake kilikuwa kitupu tangu Jumapili.

"Basi utaenda weye," mmoja akasema. "Akisikia tuko na dada yake, atakuja mwenyewe."

Colette alikuwa mjane wa miaka arobaini na mmoja. Kasha nzima walimjua kwa mshono usiofumuka na kwa ubishi. Akafunika cherehani, akampa jirani yake Mireille ufunguo, akatoka mbele ya askari.

Kituoni alipokelewa na afisa wa upelelezi aliyeitwa Jacques. Mfanyabiashara mmoja alikuwa ameibiwa pikipiki mpya, na watu walimwona Gentil akiiendesha kuelekea Nyangezi.

"Na miye, kosa yangu ni gani?"

"Maman, usilete makelele. Mudogo yako akifika, utarudi kwako."

"Sikuuliza nitarudi lini. Nauliza kosa yangu."

Jacques alimsukumia kalamu na karatasi mbili zilizoandikwa kwa Kifaransa. "Sinya hapa."

Kifaransa cha Colette kiliishia darasa la nne, lakini neno moja alilitambua: complice. Walikuwa wamemwandika mshirika wa mwizi.

"Unisomee kwa Kiswahili kwanza."

"Hapa si masomo."

"Basi sitasinya."

Ubishi huo haukuwa wa kuzaliwa nao tu. Miaka miwili nyuma, wakili mmoja kijana, Maître Ornella, alikuwa amekuja kwenye ukumbi wa parokia kuwafundisha akina mama sheria. Mireille ndiye aliyemvuta Colette Jumamosi ya kwanza. Jumamosi zilizofuata alikwenda mwenyewe. Alisikia kwamba mtu akikamatwa lazima aambiwe sababu kwa lugha anayoielewa, na kwamba polisi hawawezi kumshika zaidi ya saa arobaini na nane bila kumfikisha kwa mwendesha mashtaka. Lakini lililomkaa kabisa ni hili: hakuna anayekamatwa kwa tendo la mwingine, hata wakiwa wamenyonya ziwa moja. Siku ile alikuwa amecheka kwa sauti, kwa sababu mtaani kwao kila mtu alijua mama au dada aliyewahi kulala kasho, chumba cha mahabusu, badala ya kijana aliyekimbia.

Sasa alikuwa humo yeye, juu ya saruji, pamoja na wanawake wengine wawili. Mireille alipoleta fufu na sombe, Colette hakugusa sahani kwanza.

"Enda kwa Maître Ornella. Umwambie balinikamata Jumanne saa tatu. Usisahau ile saa."

Jumatano Jacques alimwita tena. Safari hii sauti yake ilikuwa laini. "Maman Colette, useme tu Gentil alikuambia ni yeye njo aliiba. Unasinya, unaenda kwako leo."

Magoti yalikuwa yanamuuma. Aliwaza sare zilizosubiri na wazazi waliokwishaanza kununa. Ilikuwa sentensi moja tu. Alimtazama Jacques machoni.

"Siyui kama aliiba. Kitu siyui, siwezi kusema."

Alhamisi saa mbili, Maître Ornella aliingia kituoni na faili kwapani, akadai mteja wake afikishwe kwa mwendesha mashtaka kabla muda haujaisha. Hakupiga kelele, alitaja saa tu, mara mbili. Jacques mwenyewe akawapeleka.

Mwendesha mashtaka alipekua jalada, akamgeukia Jacques. "Huyu mama alifanya nini?"

"Mudogo wake, mheshimiwa..."

"Sikukuuliza mdogo wake."

Mwendesha mashtaka akafunga jalada, akaamuru aachiliwe. Kabla ya saa tano Colette alikuwa barabarani, jua likimuumiza macho.

Mchana simu ikalia. Alikuwa Gentil, akilia. "Yaya, dada yangu, nasikia balikufunga juu yangu."

Alieleza kwamba mtu aitwaye Xavier alimwajiri aifikishe pikipiki Nyangezi, akaifikisha, na baadaye akaogopa kurudi. Colette alitamani kumzaba kofi kupitia simu.

"Rudi."

"Batanifunga, Yaya."

"Labda. Lakini utajibia ile ulifanya weye, na Maître atakuwa karibu yako. Ukiendelea kukimbia, kesho batakamata mutu mwingine."

Ijumaa Gentil alijisalimisha, wakili kando yake. Alikaa gerezani miezi minne akingoja hukumu. Colette alimpelekea chakula na hakukosa kikao hata kimoja. Mbele ya majaji, hakuna shahidi aliyesema alimwona Gentil akiiba. Ujumbe wa Xavier, uliokuwa bado kwenye simu ya Gentil, ulimwita "mutu wa kubeba." Mahakama ikasema shaka imebaki, na shaka ni ya kumfaidi mshtakiwa. Wakamwachia.

Mireille alipiga vigelegele nje ya mahakama. Colette hakupiga. Nyumbani alimwekea Gentil maji ya kuoga na chakula, akangoja amalize kula.

"Ulijua ile moto, ile pikipiki ulipeleka Nyangezi, ni ya kuiba?"

Gentil alitazama vidole vyake. "Siku ile sikuyua hakika... nilishuku kidogo."

"Tribinali ilikuachia, na ilifanya vizuri, maana haikuona hakika. Lakini mwenye moto iko hapa Bukavu. Umuambie weye mwenyewe ile unajua yote juu ya Xavier."

"Utanisindikiza?"

"Mpaka barabarani."

Jumatatu asubuhi alimsindikiza mpaka barabarani, kama alivyosema. Gentil aligeuka nyuma mara moja, kisha akateremka peke yake kuelekea mjini, kwa yule mfanyabiashara. Colette alisimama hadi shati lake lilipopotea kati ya watu, ndipo akarudi kazini.